Stendi za Jeki za Tani 6: Nimezisimamishia Land Cruiser kwenye Kichanga cha Dodoma

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena uani kwetu hapa Kizota. Upepo umeanza mapema leo, kwa hiyo mkisikia maiki inavuma mnivumilie, vumbi la mwezi wa nane mnalijua.

Nyuma yangu mnaliona Land Cruiser, 80 Series. Tunalifunga springi na shokapu mpya, lipande inchi 2. Springi zenyewe ni video ya Jumamosi ijayo, msianze kuniuliza ni za wapi. Leo nataka tuongelee kile kinachoshika gari wakati mimi nimelala chini yake. Hizi hapa. Stendi za jeki, jozi moja, tani 6. Nimezipenda, nasema kweli nimezipenda, ingawa kuna kitu kimoja kinaniudhi na nitawaonyesha.

Rangi, uzito, boksi lake, hayo nayaruka, mmeshayaona. Ila lebo isomeni! Angalieni hapa: tani 6 kwa jozi. Maana yake kila stendi imepewa tani 3, siyo 6. Gari hili likiwa tupu linazidi tani 2 kidogo, na ukiinua mbele peke yake stendi mbili zinagawana kama nusu ya uzito huo. Hapo nina nafasi kubwa. Sasa wewe mwenye bampa la chuma, winchi na tenki la pili, halafu umenunua za tani 2 kwa jozi kwa sababu ni rahisi, rudi dukani.

Na kilichonipeleka kwenye tani 6 hasa ni urefu. Ukibadilisha tairi unainua kidogo tu, tairi likiachana na ardhi basi. Kazi ya springi ni nyingine. Stendi inakaa chini ya chasisi, siyo chini ya ekseli, kwa sababu ekseli tunataka ishuke, ining'inie, springi ya zamani itoke na ndefu iingie. Kwa hiyo chasisi lazima iende juu kwelikweli. Zile zangu za tani 3 zilikuwa zinakomea kama sentimita 42. Hizi zinafika 60. Na mtu akishakosa urefu ndipo anaanza kupanga mawe. Nimeona jeki juu ya jiwe, juu ya jiwe kuna rimu, juu ya rimu ubao, na fundi yuko chini anapiga mluzi. Inaniuma kuona vile.

Haya, tufike kwenye miguu, maana hii ndiyo sababu ya video nzima. Dogo, sogeza kamera. Shuka. Shuka zaidi. Mnaona? Miguu minne ya bati nene lililokunjwa, na inagusa ardhi kwa vipembe tu. Kwenye sakafu ya zege haina shida. Lakini niambieni, gereji ngapi hapa Dodoma zina zege? Kizota hii, Nkuhungu, Chang'ombe, wengi tunafanyia kazi chini ya mti. Hapa juu ni kichanga chekundu, ukichimba inchi tatu nne ndipo unakutana na udongo mgumu.

Nimefanya hivi. Stendi ya kushoto nimeiweka juu ya ardhi kama ilivyo. Ya kulia nimeikalisha juu ya mbao za mninga, vipande viwili vya inchi 2, futi moja kwa futi moja, nimevilaza nyuzi zikipishana ili kimoja kikipasuka kingine kishike. Miguu yote nimeipiga mstari wa chaki pale chini kabisa. Magurudumu bado yamefungwa, chini ya gari hakuna mtu, na tairi la akiba limelala pale chini ya chasisi. Jaribio kama hili usilifanye gari likiwa limevuliwa matairi.

Imepita robo saa. Nimetikisa gari mara mbili kwa mkono, basi. Twende kushoto. Chaki iko wapi? Kwenye mguu huu wa nje haipo, imemezwa. Napima hapa... sentimita 2. Sasa njoo mguu wa ndani. Chaki bado inaonekana! Umeelewa kinachotokea? Stendi haizami yote sawasawa, inazama upande mmoja, halafu inalala. Tazama hii shingo ya juu inavyoikabili chasisi, imeshapinda, imebeba kwa ukingo. Na hapo hatujagonga kitu. Bado hujaanza kupigana na bolti iliyoshika kutu, unavuta spana kwa miguu na mikono, gari zima linacheza. Sentimita 2 zinakuwa ngapi?

Kulia sasa. Chaki safi, mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Ubao umekaa bapa. Kipande cha mninga nimepewa na seremala jirani, mabaki tu. Ndiyo hicho kinachoniudhi mimi! Mtu anatengeneza stendi nzuri namna hii halafu anashindwa kuchomelea bati bapa chini, hata la milimita 4. Nimempelekea fundi wa kuchomelea hapa mtaani, nimemwambia anikatie mabati mawili makubwa ya kuwekea chini, stendi yenyewe asiiguse. Usikubali mtu achomelee stendi yako kiholela, ukishaipasha moto hujui tena imebaki na nguvu gani.

Sawa. Pini. Nikiri kwamba nilipofungua boksi niliona pini ni nyongeza. Meno ya kushikia shingo yapo, kishikio kipo, uzito ukikaa juu meno yanajibana yenyewe. Lakini kuna jambo nililikumbuka. Mwaka 2020 kule Marekani duka moja kubwa la zana lilirudisha stendi zake za tani 3 na tani 6, kwa sababu meno yalikuwa yanaweza kuteleza gari likiwa juu. Wateja wakapewa nyingine badala yake, na baadhi ya hizo nazo zikakutwa na kasoro ya kuchomelewa. Tena tani 6, kama hizi. Tangu hapo nasema hivi: isiyo na pini siinunui. Meno yakiteleza, pini inazuia shingo isishuke. Inapita hapa, inatokea upande wa pili, unaiona kwa macho. Kamba yake ya chuma ilikatika siku ya pili, nimeifunga kwa waya wa kujengea, kwa sababu ikidondoka kwenye kichanga hiki utaitafuta hadi jioni.

Mtaniuliza mbona usitumie jeki peke yake. Jeki ya mafuta, ile fupi kama chupa, kazi yake ni kunyanyua. Ndani kuna mpira unaozuia mafuta, na vumbi letu hili linaula. Miaka miwili iliyopita, kwenye uani wa mtu mwingine, jeki ilishuka mbele yangu bila sauti yoyote. Diski ya breki ikagonga chini, puu. Dakika moja kabla mguu wangu ulikuwa pale pale. Sijalala chini ya jeki tena tangu siku ile. Na ile ndefu ya msituni, Hi-Lift, naipenda sana ukikwama kwenye mchanga, lakini inaegemea haraka ukiisukuma kwa pembeni. Tofali la simenti ndio kabisa, halipindi likakuonya, linapasuka ghafla.

Mdau mmoja wa Singida aliuliza wiki iliyopita kama hendibreki inatosha. Inategemea unainua wapi! Kwenye gari kama hili hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua mbele, sawa, nyuma inashika. Ukiinua nyuma, hendibreki umeshaipoteza, zinazoshika gari ni kabari za kwenye tairi za mbele, mbele na nyuma ya kila tairi. Na gia usiitegemee: tairi moja ya nyuma ikiwa hewani, difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawia tairi mbili nguvu, inairuhusu izunguke, gari linaondoka. Wenye Land Rover Defender za zamani nyie ndio muwe makini zaidi, hendibreki yenu iko kwenye shafti ya kupeleka nguvu nyuma, siyo kwenye magurudumu, ukiinua tairi moja tu ya nyuma haikushikii kitu. Kabari, wadau. Hata jiwe kubwa la Ntyuka, mradi limekaa vizuri.

Haya, mbele iko juu, stendi zote mbili sasa ziko kwenye mbao. Kabla sijaingia chini nalisukuma hivi kwa nyonga. Tena. Halijacheza. Sasa jeki ya magurudumu, ile ya kusukuma, naipeleka chini ya ekseli, nafungua shokapu, halafu naishusha polepole. Dogo, mulika hapo. Huu mpira wa breki uangalie jinsi unavyonyooka. Ukianza kukaza kama uzi, simama, fungua kibano chake kwanza. Na ule mpira mdogo wa kupumulia difu, wengi wanausahau, unakatika. Springi hiyoo, imelegea, inatoka kwa mkono.

Na mkishamaliza, bolti za bushi, zile raba za mikono inayoshika ekseli, msizikaze gari likiwa juu. Shusha, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukizikaza juu bushi zinajipindia pale pale na baada ya muda mfupi unanunua nyingine.

Bei. Nimelipa shilingi 190,000 kwa jozi, na 8,000 ya mzigo wa basi kutoka Dar. Rafiki yangu alizipata kwa 150,000 kule mtaa wa Gerezani, Dar, lakini hazina pini, na mmeshasikia msimamo wangu. Kwa bei hii ningetegemea bati bapa chini, narudia tena. Lakini nimenunua jozi ya pili jana, ya nyuma.

Kwa wale wapya, jisajilini kwenye chaneli, mbonyeze kengele. Kuanzia mwezi huu video zinatoka Jumamosi asubuhi, siyo Jumatano tena, maana Jumatano umeme kukatika kumenichosha. Jumamosi ijayo tunalipeleka gari hili Kondoa hadi Kolo, tuone springi zinasemaje kwenye njia ya mawe. Dogo, pini ya kushoto umeiona imetokea upande wa pili? Iguse kwa kidole. Haya, lete spana ya 19.