Matangazo ya kazi au saraka ya kampuni? Nimevipima vyote nikiwa Mwanza

Mwangaluka, wadau! Karibuni. Leo sina simu mpya mezani. Nachambua vitu viwili ambavyo vijana wa TEHAMA tunavimalizia bando kila siku: tovuti za matangazo ya kazi na saraka za kampuni, yaani orodha za kampuni na mahali zilipo. Nimevitumia vyote kwa miezi mitatu hapa Mwanza, na daftari langu ni hili.

Naanza na matangazo. Tangazo linakuambia nafasi ipo, wanataka nini, na mwisho wa maombi ni lini. Kwa kazi za serikali ndiyo njia yenyewe: unaingia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, unajaza taarifa zako, unapakia vyeti, unasubiri kuitwa kwenye usaili. Saraka haikusaidii hapo. Kama umehitimu na hujafungua akaunti pale, simamisha video hii ukafungue kwanza.

Sasa chuja kwa mkoa, weka Mwanza. Ukurasa unakauka! Zinabaki nafasi za mauzo, udereva, uhasibu. Za kuandika programu au kusimamia mtandao, nyingi zimeandikwa Dar es Salaam. Na ile moja ya hapa kwetu, kila aliyehitimu kuanzia Malimbe mpaka Buswelu ameshaiona asubuhi ileile. Kuna tangazo nililiandikia barua usiku kucha. Nilipopiga simu, dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kwamba mtu ameshaanza kazi mwezi uliopita. Tangazo lilikuwa bado lipo hewani. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo naangalia kwanza limewekwa tarehe ngapi, na kama mwajiri mwenyewe analo kwenye tovuti yake. Na ukiombwa hela ya fomu au ya usaili, funga, hiyo si kazi.

Tuje kwenye saraka. Saraka haitangazi kazi. Inakupa jina la kampuni, mtaa, simu na shughuli yake. Wengi wetu tunabonyeza kipengele cha Teknolojia, tunakuta maduka ya wino wa printa na mafundi simu, tunaondoka. Nami wiki ya kwanza nilifanya hivyohivyo. Mji huu kampuni za teknolojia ni chache, lakini kampuni zenye kazi ya teknolojia ni nyingi, na zimekaa kwenye vipengele ambavyo hatuvifungui.

Chukua viwanda vya samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Mwenye umri wa kukumbuka anajua mji ulivyoyumba. Halafu tangu 2005 sheria ya chakula ya kule inadai mzigo uweze kufuatiliwa: umetoka kwa nani, umekwenda kwa nani. Kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya anataka kumbukumbu kutoka kwa mwenye kiwanda wa hapa. Minofu ya sangara inahitaji namba ya shehena, uzito, joto la chumba cha baridi. Nani anazitunza hizo kumbukumbu? Kompyuta ya mizani ikizima saa nane usiku, anaitwa nani? Kazi yako iko hapo, ila kwenye saraka imeandikwa Uvuvi. Ziko pia hospitali, SACCOS, mabasi ya stendi za Nyegezi na Nyamhongolo yanayokata tiketi kwa mfumo.

Ubovu wa saraka za biashara ni kuchakaa. Namba nyingi hazipatikani, na kampuni moja iliyoandikwa iko Kirumba, nilipofika nilikuta saluni. Ndiyo maana naziamini zaidi orodha za wenye leseni. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inachapisha ya watoa huduma za mawasiliano, Benki Kuu inachapisha ya mabenki, ya watoa huduma za malipo na ya wakopeshaji. Pale hakuna anayejiandika tu kwa kulipia tangazo. Chukua jina, tafuta kwenye Google Maps kama wana tawi Mwanza, kisha nenda.

Ukifika getini usiseme unatafuta kazi, maana mlinzi atakuonyesha kibao cha "Hakuna kazi" kabla hujamaliza sentensi. Omba kuonana na mtu wa IT. Mkikutana, muulize mfumo gani unamsumbua. Msikilize mpaka amalize, ndipo useme unachoweza.

Daftari linasema hivi. Matangazo: usaili mmoja, Dar, nauli yangu mwenyewe. Saraka: kibarua cha wiki tatu Mkuyuni, kuhamisha kumbukumbu za ghala kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, na nililipwa yote. Kwa anayetafuta kazi ya serikali, au aliye tayari kuhamia Dar, matangazo yanashinda. Anayetaka kubaki hapa ziwani, nampa saraka bila kusita. Mimi asubuhi nusu saa ni matangazo, halafu natoka na majina matano.

Mliopo Musoma na Bukoba, fungueni saraka leo, rukeni kile kipengele cha Teknolojia, mniandikie hapo chini mmekuta shughuli gani. Nataka kujua kama kahawa ya Bukoba nayo ina mtu wa kompyuta, au bado anahitajika.