Dawa ya kuchovya minyororo ya kifaru: nimeijaribu kwenye Type 59

Mezani kwangu kuna modeli ya Type 59 ya kipimo cha 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko yenyewe, kifaru cha Kichina ambacho jeshi letu lilikuwa nacho kwenye vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Mimi ni mtu wa Bukoba. Modeli hii nilitaka iwe na tope la kwetu, na kwenye kifaru tope linaanzia kwenye minyororo.

Minyororo ya plastiki iliyokuja na boksi niliiweka kando, nikaagiza ya chuma ya Friulmodel, ya Hungaria. Ni pingili moja moja za aloi laini, nyeupe kama sufuria mpya, unaziunga kwa vipande vya waya. Kila upande unakula pingili tisini hivi, nami nilimaliza kwa jioni nne. Inafaa usumbufu huo, kwa sababu Type 59 haina vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo: unalalia magurudumu makubwa matano na kubonyea kati ya moja na jingine. Plastiki utaibembeleza kwa gundi na nyuzi. Chuma kinabonyea kwa uzito wake.

Sasa dawa yenyewe. Ni ile ya AK Interactive ya Hispania, ya kutia chuma weusi. Si rangi. Inakula uso wa chuma na kuugeuza kahawia, kisha mweusi, kwa hiyo hakuna tabaka la kubanduka pingili zinapokunjwa, wala la kugandisha viungo. Niliimimina kwenye kopo la aiskrimu nikazamisha mnyororo mmoja. Ndani ya dakika mbili weupe ulikuwa unaondoka huku naona. Kufikia dakika ya kumi mnyororo ulikuwa na rangi ya chuma kilichotoka motoni. Nikausuuza kwa maji mengi. Vaeni glavu na fungueni madirisha, harufu yake inakaba.

Mnyororo wa kwanza uliniharibikia. Sikuuosha vizuri, na kila niliposhika kwa kidole pakabaki doa jeupe, alama ya mafuta ya ngozi. Wa pili niliulaza usiku kucha kwenye siki, nikausugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo, nikaushika kwa glavu tu. Ukatoka mweusi sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ule wa kwanza nikaurudia vivyo hivyo, ukakubali.

Hapa naomba wenzangu wa modeli wanisikilize. Tuache kupaka minyororo kutu ya rangi ya chungwa. Chuma cha minyororo ya vifaru vya kweli kina manganizi nyingi, metali inayokifanya kigumu, na kifaru kinachotembea kila siku kinajisugua chenyewe. Kutu nyekundu ni ya kifaru kilichotelekezwa porini. Kinachotembea kina kahawia iliyoiva, udongo kwenye mashimo, na mng'ao pale tu chuma kinapokutana na ardhi au gurudumu.

Udongo wangu umetoka shambani kwetu, ule mwekundu. Niliukausha juani, nikautwanga, nikauchekecha kwa chujio la chai, halafu kwa kipande cha kanga kuukuu, mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo. Nikaupaka mkavu kwa brashi, nikadondoshea spiriti kidogo kidogo ili ushike. Ulipokauka nikapitisha msasa laini kwenye matuta ya nje, na weupe wa chuma ukachomoza chini ya weusi. Mng'ao huo ni chuma halisi, hakuna rangi ya fedha inayoufikia. Mnyororo wenyewe una upana wa milimita 16 na nusu tu, maana ule wa kifaru cha kweli ni milimita 580, kwa hiyo msasa nauzungushia kwenye kijiti cha kibiriti.

Bei ya dawa siilalamikii. Kilichoniumiza ni usafirishaji: wakala alilaza chupa chali ingawa boksi lilikuwa na mshale, ikafika imevuja na lebo imelowa. Zungusheni selotepu kwenye kifuniko, au mwombeni muuzaji afanye hivyo.

Jambo moja mlijue kabla ya kununua: plastiki haibadiliki kwa dawa hii. Gurudumu la meno la nyuma, linalovuta mnyororo, kwenye boksi langu ni la plastiki, kwa hiyo nililipaka kahawia iliyokolea na kusugua ncha za meno kwa penseli ya 6B hadi zikang'aa sawa na pingili.