Treni ya Kato kutoka mtumba wa Japani: geuza behewa kabla hujatoa pesa

Wanaozijua kontena za mtumba wa Japani hapa Mombasa wanajua kinachotoka humo: baiskeli, spika, mashine za cherehani, vyombo vya udongo. Mara chache hutoka treni ndogo za umeme za kuendesha mezani. Mimi ni fundi wa elektroniki, na treni nazipenda tangu utotoni, kwa hivyo nilipopigiwa simu kwamba duka moja upande wa Changamwe limeshusha visanduku vya treni, niliacha redio ya mtu mezani nikaenda.

Nilichonunua ni seti ya kuanzia ya Kato, kampuni ya Kijapani ya treni ndogo, yenye mfano wa treni ya kasi ya Japani, Shinkansen E5 "Hayabusa": mabehewa matatu, duara la reli la kuunga bila gundi wala misumari, na kontrola ya kuendeshea. Nimelipa shilingi 9,500 baada ya kuvutana kidogo. Nasema wazi mapema: kwa bei hiyo ni mali nzuri sana, na ningeinunua tena. Lakini kuna maneno niliambiwa pale dukani ambayo yangemtia hasara mtu asiyejua, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kijana muuzaji alinambia, "Fundi, hii ni dijitali, chomeka tu." Kijana mwema, alinipa kiti na akaniruhusu kufungua kila kitu, ila katika sentensi hiyo fupi mambo yote mawili hayakuwa sawa.

Tuanze na kuchomeka. Adapta ya seti hii imeandikwa INPUT AC 100V, kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 240. Ukiitia kwenye soketi ya ukutani utasikia harufu kabla hujaona treni ikisogea. Stepdauni ya 240 kwenda 100 yapatikana madukani mjini, na kwa treni ndogo kama hii hata ile ndogo yatosha. Ukiona adapta imeandikwa 100-240V, basi wewe unahitaji plagi ya kugeuza tu. Soma hiyo lebo kwa macho yako, usiambiwe.

Sasa hilo la dijitali. Seti hii ni ya analogi. Kontrola inapeleka kwenye reli umeme wa DC, kuanzia sifuri hadi volti 12: ukiongeza volti mwendo unaongezeka, ukigeuza chanya na hasi treni inarudi nyuma. Treni mbili kwenye reli moja zitakwenda pamoja na kusimama pamoja. Mfumo wa dijitali, unaoitwa DCC, ni kitu kingine. Reli inakuwa na umeme kamili wakati wote, unaogeuka chanya na hasi mara maelfu kwa sekunde, na ndani ya kugeuka huko mna amri. Kila treni ina dikoda, kibao cha elektroniki cha kusoma amri, yenye namba yake, inasikiliza amri zake peke yake. Ukiweka treni isiyo na dikoda juu ya reli ya DCC, mota haijui iende wapi: inavuma, inapata moto, na ikiachwa hapo inaungua.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, behewa lina nafasi ya dikoda? Niligeuza behewa la katikati, ambalo ndilo lenye mota, nikalimulika kwa tochi ya simu. Kato hutengeneza mabehewa yake mengi ya Kijapani yakiwa na mwanya mwembamba tayari, na dikoda inayoingia humo inaitwa EM13. Ni kibao kidogo chembamba. Kinapenya kati ya vijibati vya shaba vinavyopeleka umeme kwa mota, kinakata njia ya moja kwa moja ili umeme upite kwenye dikoda kwanza. Hakuna kupiga solda. Kama karatasi ya maelekezo imo kwenye kisanduku, tafuta mchoro wenye herufi EM13 na FL12; Kijapani hukijui, lakini herufi hizo utazisoma.

Na hiyo FL12 ndiyo wengi wasiyoihesabu. Mabehewa ya mbele na nyuma yana taa lakini hayana mota, wala hayana waya wa kuyaunga na behewa la katikati. Kila moja linachota umeme wake kwenye reli. Basi kila moja lataka dikoda yake ya taa. Treni moja ya mabehewa matatu, dikoda tatu: EM13 moja na FL12 mbili, zote ukizipa namba moja ili zitii pamoja. Zinatoka kiwandani zikiwa na namba 3, na mimi ningelipa kila behewa namba hiyo moja likiwa peke yake relini, ndipo niyaunge. Kisha kuna kituo cha amri chenyewe, kifaa kinachotuma amri za DCC relini, ambacho ni pesa nyingine. Piga hesabu hiyo yote kabla ya kusema umepata dijitali kwa bei ya mtumba.

Palikuwa na kisanduku cha Tomix pia. Tomix ni kampuni nzuri, reli zake imara, lakini mara nyingi mabehewa yake hayana mwanya huo wa dikoda. Utakata njia za shaba na kupiga solda mahali pasipo na nafasi. Mimi naweza, ila simshauri anayeanza. Tena maungio ya reli zake si sawa na ya Kato, ingawa upana ni uleule wa milimita 9. Kato huuza kipande kifupi cha kuunganishia.

Kupima dukani ni rahisi. Nilikwenda na betri ya volti 9 na waya mbili. Nikagusa magurudumu ya kulia na kushoto ya behewa la mota: likanguruma sawasawa, bila kukwaruza. Nikagusa behewa la mbele: taa nyeupe. Nikageuza waya: nyekundu. Betri ya aina hiyo haiwezi kuharibu kitu.

Ukubwa wake ni 1:160, yaani treni ya kweli imepunguzwa mara 160. Pua ya E5 ya kweli ina mita 15, hapa mezani ni sentimita 9 na ushei, kijani kibichi juu, nyeupe chini, mstari wa waridi katikati. Na kuna jambo lililonifurahisha: reli ya Shinkansen na ya SGR yetu ya Miritini ni upana mmoja, milimita 1,435, ambao kwa kipimo hicho unatua karibu kabisa kwenye 9. Treni nyingine za Japani, za reli ya 1,067, hutengenezwa kwa 1:150 na kuwekwa juu ya reli hiyohiyo, kwa hivyo chini zinapanuka kidogo. Jicho langu linaliona.

Hewa yetu ya chumvi haizipendi reli. Zifute kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo kabla ya kuendesha, na magurudumu pia, la sivyo treni itakuwa ya kushtuka-shtuka na utadhani mota ni mbovu.

Yangu naiendesha kwa analogi kwa sasa, na EM13 nimeagiza. Siku kituo cha amri kitakapofika, kontrola ya zamani itang'olewa kabisa relini kwanza, kwa sababu viwili hivyo haviunganishwi pamoja hata kwa dakika moja. Kisanduku cha Tomix nilikiacha dukani, hakina adapta. Anayekitaka aanzie bei kwenye hilo.