Uzoefu wangu: kununua umeme wa jua na upepo kwa dalali, Afrika Kusini

Nyota tatu na nusu kwa tano. Akiba ipo, ila ni ndogo kuliko ile unayoonyeshwa siku ya kwanza. Ninasimamia ununuzi wa umeme wa kiwanda kilichoko Gauteng, laini ya kilovolti 11, matumizi ya karibu kWh milioni 1.1 kwa mwezi. Kati ya hizo, kWh 400,000 zinatoka kwa wazalishaji binafsi kupitia dalali. Jina lake silitaji, maana mengi ninayoyaandika hapa utayakuta kwa dalali yeyote.

Kwanza ielewe bidhaa yenyewe. Hakuna waya mpya unaovutwa kutoka kwenye paneli za Northern Cape au mitambo ya upepo ya Eastern Cape hadi getini kwako. Mzalishaji anaingiza umeme kwenye gridi, wewe unachota kwako kama kawaida, kisha hesabu zinapatanishwa mwisho wa mwezi. Unapata ankara mbili: ya dalali kwa umeme uliozalishwa, na ya Eskom, shirika la umeme la taifa, iliyopunguzwa kiasi hicho. Kwa hiyo mgao ukirudi, unazimika pamoja na jirani zako. Wapo wanaosaini wakidhani wamenunua kinga ya mgao. Kinga ni betri au jenereta, na hizo ni bajeti nyingine.

Biashara hii si ngeni. Kiwanda cha BMW cha Rosslyn kilianza mwaka 2015 kununua umeme wa hadi MW 4.4 uliotokana na samadi ya ng'ombe kutoka mtambo wa Bronkhorstspruit. Kilichoifungulia milango ni mabadiliko ya sheria: mwaka 2021 kiwango cha kuzalisha bila leseni kilipandishwa kutoka MW 1 hadi MW 100, Januari 2023 ukomo huo ukaondolewa, na Januari 1, 2025 sheria mpya ya umeme ikaanza kutumika, ikiitambua biashara ya umeme waziwazi. Wasomaji wa Kenya nao wapige hesabu zao mapema, kwa sababu Sheria ya Nishati ya 2019 ya huko imekwishaweka msingi wa kupitisha umeme wa mtu kwenye nyaya za mwingine.

Ukisikia neno dalali, uliza ni wa aina gani. Kuna mwenye leseni ya biashara ya umeme kutoka NERSA, mamlaka ya udhibiti wa nishati: huyu ananunua kwa wazalishaji kadhaa, anachanganya, anakuuzia kwa jina lake. Na kuna wa kukukutanisha tu, ambaye mkataba unausaini na mzalishaji mwenyewe. Wa kwanza anaweza kukupa miaka mitano au kumi, na mtambo mmoja ukiharibika anaziba pengo kwa mwingine. Kwa mzalishaji moja kwa moja, jiandae kwa miaka 15 hadi 20, kwa kuwa benki iliyomkopesha ndiyo inayotaka hivyo. Sisi tuko kwa wa kwanza, miaka mitano, na sijutii.

Ujira wa dalali umefichwa ndani ya bei ya kWh. Mwombe autaje kwa senti, kwa maandishi. Senti moja haionekani, lakini kWh 400,000 kwa mwezi kwa miaka mitano ni kWh milioni 24, na senti moja juu yake ni randi 240,000.

Sasa tuje kwenye kiini. Eskom haikurudishii bei uliyokuwa ukiilipa. Inakurudishia bei ya jumla ya nishati peke yake, kwa saa husika, bila gharama za upotevu wa njiani. Tozo za mtandao, za huduma, ruzuku za kusambaza umeme vijijini na ile ya kuwapunguzia bei wateja wadogo, zote unaendelea kuzilipa. Tangu Aprili 2025 imeongezwa tozo ya uwezo wa uzalishaji, yaani ada ya mitambo kuwa tayari, isiyofuata kWh unazotumia, nayo haishuki hata ununue jua lote la Upington, mji wa jua kali huko Northern Cape.

Chukua namba za mfano. Ukigawa ankara nzima kwa kWh unapata randi 1.60. Dalali anakuuzia kwa 1.10. Kwenye slaidi yake anaandika akiba ya senti 50, yaani randi 200,000 kwa mwezi kwa kWh 400,000. Lakini kama bei ya kurudishiwa ni 1.20, akiba yako ni senti 10, randi 40,000. Zote mbili ni hesabu sahihi za kutoa; ya kwanza inatoa kwenye namba isiyohusika. Mkutano wa kwanza tu, mwambie dalali afute safu ya wastani wa ankara na aweke bei ya kurudishiwa kwa kila saa na kila msimu. Akisita, funga daftari.

Hapo ndipo aina ya umeme inapoanza kuwa na maana. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, kilele, yaani saa za matumizi makubwa kwenye gridi, ni saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Juni huko Northern Cape jua linachomoza baada ya saa 1 asubuhi na jioni linazama mapema. Kwa hiyo umeme wa jua unakosa karibu kilele chote, ambacho ndicho cha bei kali: kabla ya Aprili 2025 kilikuwa takriban mara nane ya bei ya saa nafuu, sasa ni takriban mara sita. Upepo hauangalii saa, na ndiyo sababu kWh yake inauzwa ghali zaidi. Mchanganyiko wetu ni theluthi mbili jua na theluthi moja upepo. Ningeanza upya ningeongeza upepo.

Kabla ya mazungumzo yoyote, toa kwenye mita data ya miezi 12 ya kila nusu saa. Ni mistari 17,520. Usikubali makadirio ya ankara za mwezi. Na ukishaipata, tazama mstari wa kwanza wa siku: umeandikwa 00:00 au 00:30? Ukiwa 00:30, mita inaandika mwisho wa nusu saa, yaani 17:00 ni umeme wa saa 10:30 hadi saa 11 jioni. Jedwali la dalali wetu lilisoma saa hizo kama mwanzo. Matokeo yake, nusu saa ya mwisho kabla ya kilele cha jioni, paneli zikiwa bado zinatoa umeme, ilihesabiwa kuwa ya kilele kila siku ya kazi, Juni hadi Agosti. Makadirio yakanona kwa umeme wa bei kubwa ambao hautakuwepo kamwe. Kosa la nusu saa tu, na hakuna aliyeliona mpaka mtu alipochora grafu ya siku moja na kuilinganisha na ankara.

Sikukuu pia zina mtego. Baadhi huhesabiwa kama Jumamosi, nyingine kama Jumapili, hata zikiangukia Jumanne. Kalenda hiyo iwe kiambatisho cha mkataba.

Desemba ndiyo inayouma. Viwanda vingi hufungwa katikati ya mwezi hadi wiki ya kwanza ya Januari, wakati huohuo jua likiwa kali kuliko miezi yote. Umeme unazalishwa, wewe huutumii, na mkataba wa kulipia kila kinachozalishwa unakulipisha. Kwa mwenye leseni na wateja wengi, ziada anaweza kuihamishia kwa mwingine, mradi kifungu hicho kimeandikwa. Chetu kinasema tunalipia tulichotumia, na ziada ni juu yake. Kwa kifungu hicho tulikubali bei iliyopanda senti nne, na Desemba moja tu ilitosha kuonyesha kuwa zililipa.

Bei yenyewe huja kwa sura mbili: ya kudumu inayopanda na mfumuko wa bei, au punguzo la asilimia chini ya bei ya Eskom. Eskom ilipanda kwa asilimia 18.65 mwaka 2023, kisha 12.74 mwaka 2024 na 12.74 tena mwaka 2025, kwa hiyo dalali anapenda kuchora mstari unaopaa na kukuuzia ile ya kwanza. Muulize nini kitatokea tozo zikihamishwa kutoka kwenye nishati kwenda kwenye uwezo, kama ilivyofanyika 2025. Hapo ankara inapanda huku bei ya kurudishiwa ikidorora, na wewe umefungwa kwenye bei inayopanda kila mwaka. Punguzo la asilimia linakukinga, mradi asilimia hiyo ipimwe kwenye bei ya kurudishiwa.

Upande wa makaratasi: lazima uwe kwenye bei inayobadilika kwa saa, kama mpango wa Eskom uitwao Megaflex, na usaini marekebisho ya mkataba wako wa umeme. Jina la kampuni kwenye akaunti lilingane herufi kwa herufi na lile la usajili. Letu halikulingana, tukapoteza wiki sita. Tenga miezi kadhaa, na dhamana ya benki kwa dalali.

Kama unanunua umeme kwa manispaa badala ya Eskom, punguza matumaini. Inahitajika makubaliano ya pande zote tatu na bei iliyoidhinishwa ya kupitisha umeme, na mwaka wa bei wa manispaa huanza Julai 1 wakati wa Eskom huanza Aprili 1. Ghala letu liko kwa manispaa moja ambayo marejesho yetu huyaandika kwa mkono, na hufika mwezi wa pili au wa tatu. Kwa ghala, huduma hii ni nyota moja.

Vyeti vya I-REC, vinavyothibitisha kuwa umeme umetokana na nishati jadidifu, kimoja kwa kila MWh (kWh 1,000), visiwe zawadi ya mdomo. Kwetu ni 400 kwa mwezi, na vinapaswa kufungwa kwenye rejista kwa jina la kampuni yetu, la sivyo dalali anaweza kuwauzia wengine na mteja wa Ulaya akikuuliza huna cha kuonyesha. Wetu huvifunga kila robo mwaka na kututumia uthibitisho bila kukumbushwa. Ile nusu nyota ameipata hapo.

Mkataba unaisha mwaka kesho kutwa. Dalali ameleta pendekezo la kuongeza hadi kWh 700,000, na kwenye ukurasa wa tatu ile safu ya wastani wa ankara imerudi. Nimelirudisha na mstari mwekundu juu yake.