Tabora: nukta ya kubahatisha au makutano ya nyuzi 5 na 33?

Kuna matembezi ambayo unachagua namba mbili za ramani, latitudo na longitudo, kisha unaifuata nukta yake kwa simu. Unaweza kuchagua namba kamili au kubahatisha. Makutano ya nyuzi 5 Kusini na 33 Mashariki yako kama kilomita 22 mashariki ya Tabora mjini. Namba haibadiliki, kwa hiyo njia unaipanga tangu jana: ramani ishapakuliwa, bodaboda ishapatana bei. Lakini ukishafika mara moja, hamu imekwisha.

Kubahatisha kuna raha zaidi, mradi uweke mipaka. Andika 0 hadi 9 kwenye vikaratasi, viweke kofiani. Anza na -5.0 na 32.8, kisha vuta tarakimu tatu za kuongeza mwishoni mwa kila namba, ukirudisha karatasi kila mara. Nukta itaangukia ndani ya mraba wenye upande wa kilomita 11 hivi, na tarakimu ya mwisho ni kama mita 11. Ukibahatisha hata tarakimu ya kwanza ya desimali, mraba unakuwa wa kilomita 111. Hapo si matembezi tena, ni safari.

Wengi hukosea kwenye kuandika. Sahau alama ya kutoa, simu itakupeleka Sudan Kusini. Tena 5.02 si nyuzi 5 dakika 2 (dakika 60 ni nyuzi moja): tofauti ni kilomita moja na nusu.

Masika, nukta ikiangukia mbugani, yaani kwenye bonde la udongo mweusi, vuta nyingine. Ule udongo mweusi hukaba gurudumu la baiskeli hadi lisizunguke. Ikiwa shambani, omba ruhusa kwanza. Na ukiona mizinga ya nyuki juu ya miti, zunguka mbali.