Kastaneti za mbao: miezi minne nikizipiga hapa Lubumbashi

Kastaneti ni ala ya muziki ya Kihispania: vibao viwili vidogo vinavyogonganishwa kiganjani. Nilianza vibaya. Jozi ya kwanza niliinunua dola 6 katika duka moja mjini: vibao vyekundu vilivyofungwa kwa lastiki, vya kuchezea watoto. Vinalia kama vizibo vya chupa ndani ya mfuko, na kwa kuwa lastiki inavifungua yenyewe, kidole hakijifunzi kitu. Ukiviona, viache hapo hapo.

Za pili dada yangu aliniagizia kwenye intaneti kutoka Bruxelles, dola 58, zikaja ndani ya sanduku la mgeni. Hizi ni kastaneti kweli. Mbao nyeusi, nzito, sauti kavu inayofika barabarani. Kila mkono una ya kwake, na hazilii sawa: ya sauti ya juu Wahispania wanaiita hembra, yaani jike, na hukaa kulia, ya sauti nzito ni macho, dume, ya kushoto. Jike yangu ina alama ndogo iliyochongwa juu. Mimi siku tatu nilizivaa kinyume, nikilaumu mbao.

Kosa la muuzaji ni namba, yaani ukubwa. Niliomba 5, akaleta 7, na kuirudisha Ulaya ni gharama kuliko kitu chenyewe. Kastaneti kubwa hujaza kiganja, vidole vinakosa nafasi ya kujikunja. Pima mkono wako kabla ya kulipa.

Kamba nayo ilinitesa. Inazunguka kidole gumba mara mbili, mbele na nyuma ya kiungo, na ukiikaza vizuri vibao vinabaki wazi kidogo vyenyewe. Yangu ilikuwa inalegea kila nikitoka jasho. Fundi viatu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ndiye aliyenipa kamba ngumu zaidi, kwa faranga 500, akicheka.

Sasa kujifunza. Mkono wa kushoto ni kazi ya siku mbili: vidole viwili vya kati vinapiga pamoja, «ta». Wa kulia ndio shule. Vidole vinne vinashuka kimoja kimoja kuanzia kile kidogo cha mwisho hadi cha shahada, mfululizo, «ria», kisha kushoto kunajibu «ta». Ria-ta, ria-ta. Kidole changu cha pete kilikuwa kama kimekufa, kinamfuata jirani yake tu. Nilimaliza mega nyingi za intaneti kwenye video, ila kilichonisaidia ni kupiga polepole mezani bila kastaneti, jioni, wakati hakuna kuran, yaani umeme. Wiki ya tano ria ikatoka safi mara ya kwanza. Nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Jirani yangu wa parsele hakufurahi: «Mwalimu, ni panya gani iko inakula mbao kwako kila asubuhi?» Tangu hapo nafanyia mazoezi kanisani, kabla wanakwaya hawajafika.

Mbao zenyewe nazipa alama nzuri. Juni ilipoingia na ukavu wake, hazikupasuka, lakini siziachi juani. Muuzaji nampa mbili kwa tano kwa sababu ya namba.

Hizo 7 nimemuachia kijana wetu wa ngoma, mwenye mikono kama sufuria. Zimemkaa sawasawa. Wiki ya pili tu, ria yake imeshaishinda yangu, na mimi bado nasubiri mgeni mwingine wa kuniletea 5.