Fundi wa Luthuli aliyeniitisha waya kabla ya kugusa laptopu

Kama uko Nairobi na laptopu yako ya gemu inakata intaneti kila ukichomeka waya lakini ukirudi kwa waifai iko sawa, tafadhali usinunue kitu chochote kwanza. Kuna fundi Luthuli Avenue, ghorofa ya tatu kwa moja ya yale majengo ya simu na spika, na huduma yake ndiyo nataka kuwaambia watu, kwa sababu nimeona vijana wengi wakiambiwa mazabodi, yaani ile bodi kuu ya laptopu, imeisha na haijaisha.

Shida yangu ilikuwa hivi. Nacheza Counter-Strike 2 seva za Johannesburg, kwa hivyo ping yenyewe, yaani muda data inachukua kwenda seva na kurudi, si ya kujivunia, na ndio maana natumia waya, waifai ya ploti yetu ina majirani kibao wamejaa kwa chaneli moja. Sasa uko katikati ya raundi, mara kila mtu anaganda, ile alama ya mtandao pale chini kulia inageuka inakuwa kidunia, sekunde chache inarudi kama hakuna kilichotokea. Saa zingine inakaa jioni mzima bila shida, saa zingine inakata mfululizo hadi unaachana na gemu, na gemu nayo inakuhesabu mtoro, inakufungia usicheze. Nikapigia watu wa faiba, wakasema kwao laini ni safi. Na hapo walikuwa sahihi, maana nilikuwa nimefungua madirisha mawili ya ping, moja inapiga rauta 192.168.1.1 na nyingine inapiga 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, zote mbili zilikuwa zinakufa kwa pamoja. Kama ingekufa ile ya 8.8.8.8 peke yake, hapo ungelaumu kampuni. Ikikufa ya rauta pia, na simu yenye iko kwa waifai ya rauta hiyo hiyo inaendelea tu, basi shida iko kati ya rauta na laptopu, ndani ya nyumba yako.

Nikaipeleka duka moja hapo tauni, silitaji, jamaa akaiangalia juu juu akasema poti ya LAN, lile tundu la kuchomeka waya wa intaneti, imeungua, lazima mazabodi, na bei aliyonipa ungenunua laptopu ingine ya mtumba na chenji ibaki. Nikaondoka.

Huyu wa Luthuli nilielekezwa na mtu tunacheza naye. Nimefika, nimeweka laptopu kwa meza, kitu cha kwanza akaniuliza, "Kijana, na waya wako uko wapi?" Bahati nzuri nilikuwa nimeubeba kwa begi. Akasema wengi wanakuja na laptopu tupu, anapima na waya wake, kila kitu kinafanya kazi, wanarudi nyumbani, inakata tena, halafu wanaanza kusema fundi ni mwizi.

Sasa hapa ndio niliona tofauti. Kabla ashike bisibisi alichukua kile kifaa cha kupimia kebo, chenye vitaa vinane, akachomeka waya wangu ncha zote mbili. Moja hadi sita zinawaka vizuri. Saba na nane zinawaka, halafu akaukunja waya kidogo karibu na kichwa, saba ikapotea. Akaachilia, ikarudi. Akanifanyia tena polepole nione. Akanieleza venye inaenda: waya wa LAN una nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Spidi ya giga moja inataka jozi zote nne. Spidi ya megabiti 100 inataka jozi mbili pekee, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hivyo jozi ya kahawia ikilegea, kadi ya mtandao ndani ya laptopu inajaribu giga, inashindwa, laini inaanguka, inaanza kuelewana na rauta upya, na hizo sekunde za kuelewana ndizo zinakutoa kwa gemu. Ukitingisha meza tu hiyo kitu inaanza. Hiyo ndio sababu ilikuwa inakata bila mpangilio.

Na kuna njia ya kujipimia nyumbani bila kifaa, hii alinionyesha bure na nadhani peke yake inatosha mtu kupanda hizo ngazi. Unaingia Device Manager ya Windows, unatafuta kadi ya mtandao, kwa mipangilio yake ya ndani kuna mahali pa spidi, unaiweka 100 badala ya kuiacha ijichagulie. Ikitulia kabisa, hapo kuna uwezekano mkubwa jozi ya bluu au ya kahawia ndiyo mbovu, iwe ni kwa waya ama kwa poti. Alisisitiza ni ya kupimia tu, ukimaliza urudishe ijichagulie, kwa sababu ukilazimisha upande mmoja na rauta imeachwa ijichagulie zinaweza kukosa kuelewana na mtandao uwe mbaya kuliko mwanzo.

Halafu akachukua wembe akachuna uzi mmoja wa waya wangu. Nje rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Hizo ndizo zimejaa kila mahali, zimeandikwa Cat6, ile daraja ya waya wa spidi ya juu, kwa herufi kubwa na ni nyepesi ukizishika, na zikikunjwa kunjwa nyuma ya meza zinakatika ndani na nje huoni kitu. Mimi hii kitu iliniuma kusema kweli, kwa sababu mtu anatoa pesa yake akijua amenunua shaba.

Wengi wangeishia hapo wakuuzie waya mpya. Yeye hakuishia hapo. Alichukua adapta ya USB ya kuchomekea waya wa LAN, ile ya chipu ya Realtek RTL8153, akachomeka na waya wangu, inakata. Sawa, waya ni mbovu, hiyo imethibitika. Akachukua waya wake mzuri akauweka kwa poti ya laptopu yenyewe, ikakaa, ikakaa, akaisukuma laptopu kidogo na kidole, ikakata. Kumbe poti nayo ina shida yake. Laptopu yangu ni zile nyembamba, poti yake ina kile kitaya cha chini kinachofunguka ndio kichwa kiingie, na kwa sababu waya wangu ulikuwa umevunjika kale kaulimi ka plastiki kanakoushika, kichwa kilikuwa kinacheza cheza humo ndani hadi pini mbili zikainama. Akaweka taa na lenzi, akanionyesha, pini sita zimepanga laini, mbili zimelala chini ya zingine. Akazima laptopu, akatoa betri, akaziinua na kachuma kembamba kama ka daktari wa meno, akasafisha na spiriti, akaacha ikauke. Hakuna kuchomelea, hakuna mazabodi.

Mwisho akaangalia upande wa programu, na hapa hakukaa sana. Aliondoa ile ruhusa ya Windows kuzima kadi ili kuhifadhi moto wa betri, akazima pia ile ya kuokoa umeme kwenye laini, inaitwa Energy Efficient Ethernet, ambayo inafanya kadi na rauta zisinzie kukiwa hakuna data, na kuna rauta hazijui kuamka vizuri. Draiva, ile programu inayoendesha kadi, akanishushia kutoka kwa tovuti ya waliotengeneza laptopu. Akasema hizi ningeanza nazo nyumbani ni sawa, hazina gharama, lakini hakuna draiva inaweza kunyoosha pini.

Nimelipa kazi ya poti na waya mpya wa shaba tupu, jumla ni kitu kidogo sana ukilinganisha na ile bei ya mazabodi. Adapta hakunisukumia, nilimuuliza mwenyewe, akaniambia niiache, poti ikisumbua tena ndio nirudi niichukue, na nikinunua popote nihakikishe naichomeka kwa USB 3, kwa sababu USB 2 mwisho wake ni megabiti 480 na giga haiwezi kupita hapo. Tangu hapo naacha ping ya rauta ikikimbia nikicheza na haijaangusha hata moja.

Sasa yale ambayo hayakunifurahisha. Lifti hakuna, na ngazi ni za giza. Foleni ni ndefu na hakuna namba, anayeongea kwa nguvu ndiye anahudumiwa, kuna mama alikuwa ameleta laptopu ya mtoto wa chuo na alirukwa zaidi ya mara moja hadi sisi tukasema. Bei haijaandikwa popote, uliza kabla hajaanza. Garanti ni ya mdomo, mimi niliitisha risiti na akaandika bila shida, lakini lazima uitishe, na mwambie aandike serial namba ya laptopu pale. Mlango wa duka uko wazi na laptopu za watu zimepangwa hapo nyuma yake, hiyo pia aiangalie, hapo ni Luthuli.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda beba waya wako wa nyumbani, ule ule, usiukate wala kuubadilisha kichwa, na ubebe chaja pia. Barabara yenyewe tangu itengenezwe 2019 kutembea ni rahisi, ila Jumamosi mchana pamejaa mno, afadhali asubuhi katikati ya wiki. Jumapili hafungui.